Istilahi za Gari la Kale: Tangu Pistoni Nne hadi Silinda Kumi na Mbili

Katika kazi ya kuunda istilahi ipo desturi ya kuketi mezani na orodha ya maneno ya Kiingereza upande wa kushoto wa karatasi, kisha kutafuta maneno ya kujaza upande wa kulia. Desturi hiyo ina manufaa yake, lakini katika fani ya magari haitoshi, kwa kuwa upande wa kulia haukuwa mtupu hata siku moja. Mafundi wa gereji, madereva na matanboi walikwisha kuujaza zamani, nasi tunafika baada yao. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa kutumia mfano wa gari la kale na hasa gari la kale lenye silinda 12, ni wapi neno la gereji latosheleza, na ni wapi neno hilohilo laweza kumtia mwenye gari hasarani.

Huenda msomaji akauliza: silinda 12 za nini, nasi twazungumzia Njombe na Makambako? Kwa hakika sikuona gari la namna hiyo katika miji hiyo miwili. Nilichokiona ni Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, zile zenye urefu wa inchi 109 baina ya ekseli na ekseli, ambazo bado zinapakia mbao na viazi, na wenyewe wanazitunza kama mtu atunzavyo ng’ombe wa urithi. Nyingi ni za silinda 4, lakini tangu mwaka 1967 kiwanda kilitoa pia zenye silinda 6. Hapo ndipo penye jambo letu. Injini ya silinda 12 si mnyama mgeni. Ni injini mbili za silinda 6 zilizoegemezwa juu ya krenki moja. Kwa hiyo nilichukua mchoro wa injini ya Jaguar iliyotokea mwaka 1971, yenye ujazo wa lita 5.3, nikauonyesha kwa mafundi waliozeekea kwenye Land Rover, nikawaomba wautaje kiungo kwa kiungo. Neno linaloweza kubeba mashine ngumu kuliko zote bila shaka litazibeba zilizo nyepesi.

Tuanze na jina la gari lenyewe. Wazungu wana neno moja la heshima kwa gari lililopitwa na wakati lakini likazidi kuthaminiwa. Sisi tunayo mengi, na karibu yote ni ya dharau. Gari kuukuu ni lile lililochakaa. Mkweche ni lile linalokwenda kwa kusukumwa na kwa dua. Hata ushuru wa ziada unaotozwa gari lililotumika, likiingizwa nchini likiwa na umri mkubwa, wananchi wameuzoea kwa jina la kodi ya uchakavu, kana kwamba miaka na uchakavu ni kitu kimoja. Lakini Jaguar iliyotunzwa chini ya turubai tangu mwaka 1973 yaweza kuwa haina uchakavu wowote, na gari la miaka 9 lililobeba kokoto likawa limekwisha kabisa. Mwezi Oktoba 2024, wenye Land Rover walipokusanyika Arusha kwa tamasha lao, magari yaliyoshangiliwa ni yale yale ambayo lugha ya kila siku ingeyaita mikweche. Mimi napendelea gari la kale kwa lile lenye umri tu, na gari tunu kwa lile ambalo umri umeliongezea thamani. Tunu ni neno letu la siku nyingi, kila mtu hulielewa, wala halihitaji maelezo.

Kuhusu silinda na pistoni pana mchanganyiko kidogo. Vitabu vya hisabati vimetupatia mcheduara, na baadhi ya wenzetu wangependa neno hilo lihamie kwenye injini. Sioni sababu. Mcheduara ni umbo. Silinda ni tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka. Mafundi nao huhesabu kwa pistoni: “gari la pistoni nne,” “la pistoni sita”. Hesabu ni ileile, maana kila silinda ina pistoni yake, na hapa hakuna haja ya kumsahihisha mtu. Jambo la kuangaliwa ni herufi na tarakimu. V8, inayotamkwa “vii-eiti”, imekwisha kuwa jina la gari kubwa la viongozi, mrithi wa lile lililoitwa shangingi, hata wengi hawakumbuki kwamba awali ilikuwa hesabu ya silinda. Toyota ilipotoa Land Cruiser 300 mwaka 2021 ikiwa na injini ya silinda 6, jina hilo lilikwisha kujiota mizizi.

Je, hiyo V yenyewe tuiiteje? Injini ya Land Rover ina silinda zilizosimama katika mstari mmoja, nayo huitwa vizuri tu injini ya safu moja. Ile ya silinda 12 ina safu mbili zinazoachana juu na kukutana chini kwenye krenki. Nilipomwonyesha mchoro huo fundi mmoja wa Makambako, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, aliutazama kitambo, akasema: “Mwanangu, hii ni panda.” Alisema hivyo akiwa hatua chache tu kutoka njia panda ambapo barabara kuu ya kwenda Mbeya inaachana na ile ya kwenda Njombe na Songea. Panda ni neno safi: tunalo katika panda ya mti, na tunalo katika njia panda. Injini panda basi ni istilahi ambayo fundi ameitoa bure, na ni bora kuliko kutamka herufi ya V katikati ya sentensi ya Kiswahili.

Sasa tufike kwenye uzuri wa injini hiyo, yaani kile kinachomfanya mtu mwenye akili timamu atamani gari linalokunywa lita 20 na zaidi za petroli kwa kila kilometa 100. Pistoni hufanya kazi kwa mapigo manne: kuvuta, kushindilia, kulipuka na kutoa. Ni pigo la tatu tu lenye nguvu. Mengine matatu ni maandalizi. Mapigo yote manne huchukua mizunguko miwili ya krenki. Injini ya silinda 4 hulipuka kila nusu mzunguko, hivyo pigo moja la nguvu huisha ndipo jingine linapoanza, na baina yao pana mfano wa kusita ambako dereva hukusikia kama mtetemo. Ya silinda 6 hulipuka kila theluthi ya mzunguko, na pigo jipya hulikuta la awali halijaisha. Ya silinda 12 hulipuka kila sehemu moja ya sita ya mzunguko, na wakati wowote ule silinda tatu zinasukuma kwa pamoja. Mtu aliyewahi kuona watwangaji wakipokezana michi katika kinu kimoja ataelewa mara moja. Mchi mmoja huacha kimya baina ya pigo na pigo. Michi mitatu ya watu waliozoeana hufanya sauti iwe mfululizo.

Katika jambo hili lugha yetu ni tajiri kupita mashine. Lori lililopakia hunguruma. Injini yenye plagi mbovu hukohoa, au kwa lugha ya gereji humisi. Injini iliyoharibika vyuma vya ndani hugonga, na ikifa kabisa watu husema imenoki. Injini ya silinda 12 ikiwa nzima haifanyi hata kimoja kati ya hayo. Huvuma tu, kama nyuki ndani ya mzinga. Vitenzi hivi vinapaswa kuingizwa katika orodha zetu pamoja na nomino, maana fundi hutambua ugonjwa kwa sikio kabla hajashika spana. Orodha nyingi za istilahi nilizozipitia ni nomino tupu.

Uzuri huo una gharama zake. Plagi ni 12, na za nyuma hazifikiki bila kuchubua vidole. Kabureta ni nne, nazo hazina budi kupeleka kiasi kimoja cha mafuta. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano, na kabureta iliyorekebishwa pwani itamwaga mafuta kupita kiasi hadi plagi zishike masizi. Ndani ya panda, baina ya safu mbili, joto hujikusanya na kukausha mipira na waya. Lakini nilipozungumza na mafundi niligundua kwamba adui mkubwa wa injini kama hiyo ni maneno mawili, nayo yanadhuru magari mengi yaliyo barabarani leo.

La kwanza ni maji. Sisi sote husema “tia maji kwenye rejeta”. Katika Land Rover ya silinda 4, ambayo bloku na hedi yake ni chuma cha kusubu, agizo hilo halina madhara ya haraka: chuma hushika kutu polepole, na mwenye gari huendelea na safari zake. Injini ya Jaguar ni ya alumini, na alumini ikikaa na maji matupu pamoja na vyuma vingine huliwa. Uchafu huziba njia nyembamba, injini huchemsha, hedi hupinda, gasketi huungua. Fundi akitaka kuifungua hukuta hedi imeng’ang’ania kwenye boliti zake ndefu kama kwamba imechomelewa. Kinachotakiwa humo ni maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Vijana huita kulanti, na wazee wengi hudhani kulanti ni rangi tu ya kuwaongezea watu bei. Napendekeza kipoza, neno linaloeleza kazi yake, ili mtu akiambiwa “ongeza kipoza” asikimbilie mtoni na galoni. Injini za alumini si za Jaguar peke yake. Magari madogo mengi yanayopita Makambako kila siku yanazo.

La pili ni themostati. Jina hili halimwambii kitu mtu asiyejua lugha za kigeni, na kitu kisichojulikana kazi yake ni rahisi kukitupa. Gari likichemsha, fundi huking’oa, akisema ni kidude cha nchi za baridi. (Nilimwambia mmoja wao kwamba Njombe mwezi Julai nayo ni nchi ya baridi, alicheka, hakukirudisha.) Katika injini ya Jaguar, kidude hicho kikipata joto hufunga pia njia ya pembeni, ili maji yote yapitie kwenye rejeta. Kikitolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupozwa, na gari huchemsha zaidi. Kama kingeitwa kidhibitijoto tangu mwanzo, naamini baadhi ya hedi zisingepinda.

Yapo pia maneno ambayo hatari yake ni kupotea. Kuvuta choki asubuhi ya baridi, kuseti pointi, kusafisha jeti ya kabureta: mambo haya hayamo katika magari mapya, na kijana anayepima gari kwa kompyuta hana sababu ya kuyajua. Jaguar yenyewe iliacha kutengeneza injini ya silinda 12 mwaka 1997. Mwenye gari tunu atakayehitaji huduma miaka 20 ijayo atahitaji kwanza mtu anayeelewa anachosema. Tayari Njombe nilikutana na mwenye Land Rover aliyeagiza “bushi ya springi” kutoka Dar es Salaam akaletewa bushi mara mbili, zote si zenyewe, kwa kuwa katika gereji zetu kila kipande cha mpira chenye tundu ni bushi. Gari lilikaa juu ya mawe wiki saba, msimu wa viazi ukapita.

Neno moja bado limenishinda. Moto hauruki kutoka silinda ya 1 kwenda ya 2. Katika silinda 4 za Land Rover huenda 1, 3, 4, 2, na katika 6 huenda 1, 5, 3, 6, 2, 4. Mafundi husema tu “kupanga waya za plagi”, lakini hilo ni jina la tendo la mkono, si la utaratibu wenyewe. Nimefikiria zamu ya moto na mfuatano wa moto. La kwanza lina ladha ya kinu na michi, la pili lina sura ya kitabu. Mafundi wanaosoma kurasa hizi wakiwa na neno wanalolitumia, waliandike pamoja na jina la mahali linakotumika, walitume kabla orodha haijapelekwa kamatini.