Ndege adimu walio jirani na familia za Kilifi

WATALII husafiri maelfu ya kilomita hadi Kaunti ya Kilifi kutazama ndege ambao familia nyingi za hapa huwapita tu wakiwa ndani ya matatu. Shule zinapofungwa, mzazi anaweza kuwatoa watoto mbele ya runinga na simu kwa gharama isiyo kubwa.

Faida si burudani pekee. Mtoto anayeshinda nje hutembea zaidi, na kutazama vitu vilivyo mbali katika mwangaza wa mchana hupunguza hatari ya kupata tatizo la kutoona mbali.

Pa kuanzia ni Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita 420 mraba, ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa-Malindi karibu na Gede. Fika alfajiri, kabla jua halijawa kali na ndege kunyamaza. Humo mna bundi mdogo wa Sokoke, ambaye kimo chake ni karibu nusu ya rula ya shule. Nchini Kenya hupatikana hapa na Dakatcha pekee. Kwingineko ni Tanzania, kwenye misitu iliyo chini ya milima ya Usambara.

Katika nyumba nyingi, sauti ya bundi huhesabiwa kuwa mkosi. Mtoto akimwona huyu amejikunyata kwenye tawi, mchana kweupe, huenda hofu hiyo ikaisha. Mchukueni mwongozaji wa eneo hilo, kwani kumpata bila anayejua anakolala ni bahati nasibu.

Kutoka hapo si mbali hadi Mida Creek, Watamu. Kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hadi mahali pa kujificha na kutazama ndege wanaojitafutia kaa na chaza topeni. Kati ya Septemba na Aprili huja wageni kutoka Ulaya na Siberia, wanaokimbia baridi. Waulize wavuvi saa za maji: yakipwa kabisa ndege hutawanyika mbali, lakini yanapoanza kujaa husogea karibu. Ada ya daraja hilo husaidia kulipa karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vinavyopakana na msitu na hori hilo.

Kaskazini kidogo mwa Malindi, Mto Sabaki unapoingia baharini, hukusanyika shakwe, buabua na, kwa misimu, flamingo. Alasiri ndiyo saa nzuri. Hata hivyo, mto huo una viboko. Watoto wasisogelee ukingo, na familia iondoke kabla ya giza kuingia.

Wenye nafasi ya safari ndefu waende Dakatcha, kaskazini-magharibi mwa Malindi. Ni makao ya kwera wa Kilifi, ndege wa manjano na mweusi asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti hii. Viota vyake vilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka wa 2013, kwenye vinamasi vya msimu vya Dakatcha. Miti ya eneo hilo inaendelea kukatwa kwa ajili ya makaa na mashamba. Ikiisha, ndege huyu hana kwingine pa kuhamia.

Kabla ya kuondoka nyumbani, beba maji ya kutosha, kofia na dawa ya kufukuza mbu, na uwavishe watoto mikono mirefu na viatu vilivyofunika miguu. Nguo za kijani au kahawia hazishtui ndege. Darubini moja inatosha familia nzima kwa zamu. Isipokuwepo, daftari na penseli vinatosha kuandika rangi, mdomo na sauti ya kila ndege aliyeonekana.

Msirushe mawe wala kugusa viota. Ndege anayefukuzwa mara kwa mara huacha mayai yake.