Kiwambo cha Michezo na Macho ya Msomaji

Kiwambo cha tarakilishi kilichoundiwa michezo husifiwa kwanza kwa kasi yake. Kile cha kawaida huichora picha upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 17 hivi. Cha michezo huichora mara 144 au zaidi, yaani kila milisekunde 7. Kwa mchezaji anayemwinda adui, tofauti hiyo si haba, kwani kiumbe anayekimbia huonekana wazi badala ya kuburura ukungu nyuma yake.

Hata hivyo, kasi hiyo haiji yenyewe. Tarakilishi isiyokuwa na kadi ya grafiki yenye nguvu mara nyingi haiwezi kuzalisha picha 144 kwa sekunde katika michezo mizito, na mnunuzi huwa amelipia mbio zisizokimbiwa.

Zaidi ya hayo, mwanafunzi atakitumia kiwambo hichohicho kuandikia tasnifu, na herufi hazikimbii. Zinachohitaji ni msongamano wa pikseli. Kiwambo cha inchi 27 chenye pikseli 1920 kwa 1080 kina takribani pikseli 82 katika kila inchi. Cha inchi 24 chenye idadi iyo hiyo kina 92, na kingo za herufi zake ni safi zaidi. Ukubwa, basi, ambao ndio huvutia macho dukani, humpunja msomaji. Aina ya kioo nayo ina lake: TN ni chepesi kuitikia, lakini rangi zake hugeuka mtazamaji akisogea kando; IPS huzihifadhi.