TAARIFA KUHUSU KUTAMBUA VIDONDA VYA MGANDAMIZO

Watumishi wa umma na wakazi wa Bagamoyo, pamoja na wa vijiji vya pwani kuanzia Mapinga hadi Saadani, wanaelezwa hapa dalili za vidonda vya mgandamizo. Vidonda hivi humpata mgonjwa asiyeweza kujigeuza, kama vile aliyepooza kwa kiharusi au aliyeumia uti wa mgongo kwa kuanguka mnazini. Ngozi ikibanwa baina ya mfupa na kitanda hukosa damu, na hatimaye nyama hufa. Sehemu za kukaguliwa kila siku ni mwisho wa mgongo, nyonga, visigino, viwiko na kisogo.

Hatua ya 1: Ngozi ni nzima, ila ina doa lisilofifia linapobonyezwa. Doa hilo huelezwa kuwa jekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani. Kwa hiyo mwuguzaji asitegemee macho tu. Apapase na kulinganisha na ngozi ya jirani. Mahali penye joto au baridi zaidi, pagumu au laini kupita kawaida, au panapouma, ndipo madhara yalipoanza.

Hatua ya 2: Ngozi ya juu imechubuka, au pana lengelenge lenye maji.

Hatua ya 3: Ngozi yote imeliwa, pana shimo, na mafuta ya mwili huonekana.

Hatua ya 4: Msuli, kano au mfupa huonekana.

Kidonda kilichofunikwa na gaga jeusi hakijulikani kina chake. Gaga hilo lisibanduliwe nyumbani.

Katika hatua ya 1 ngozi huweza kupona ikiondolewa mgandamizo mapema. Hatua ya 4 huchukua miezi mingi, na vijidudu vikiingia katika mfupa au damu mgonjwa huweza kufa.

Kwa kawaida mgonjwa ageuzwe kila baada ya muda wa saa 2, usiku na mchana, na asiachwe katika mkojo. Mto uwekwe chini ya miundi ili visigino vining'inie. Ngata isitumike, kwani hubana damu pembeni. Wala doa lisichuliwe kwa mafuta.

Kuanzia hatua ya 2, mgonjwa aonwe na mganga katika zahanati au kituo cha afya. Hatua ya 3 na ya 4, pamoja na kidonda chenye gaga jeusi, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Watendaji wa vijiji wanaombwa kuwasomea wananchi taarifa hii.