Zazamanc Haimo Kwenye Ramani

Swali limenijia tena, safari hii kutoka Kuluba: je, Zazamanc, ufalme wa malkia mweusi Belacane katika Parzival ya Wolfram von Eschenbach, ulikuwa Nubia, Uhabeshi, au huku kwetu Nile Magharibi? Haukuwa popote. Nitaeleza mara hii, kisha tuliache.

Wolfram alitunga mistari yake ipatayo 25,000 mwanzoni mwa karne ya 13. Zazamanc inatajwa pia katika Nibelungenlied, kama mahali inakotoka hariri ya kijani, basi. Ni jina la mbali lililonukia utajiri. Wolfram huyo huyo anasema Feirefiz, mtoto wa Belacane na mume wake mweupe, alizaliwa na mabaka meusi na meupe mwili mzima. Nendeni soko la Koboko mkamtafute mtoto wa namna hiyo. Mkimkosa, acheni kumfanya Wolfram shahidi wa jiografia ya Afrika.

“Na Kasisi Yohane je?” Ndiyo, Feirefiz ndiye anayemzaa, lakini anamzalia Uhindi. Mfalme huyo Mkristo wa kubuni alivumishwa na barua ya kughushi iliyoenea Ulaya tangu miaka ya 1160. Wazungu walimtafuta Asia, walipomkosa wakamhamishia Uhabeshi. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama, wakiwa Msumbiji, walifurahi kusikia kwamba hayuko mbali. Mwaka 1520 ujumbe wa Wareno ulifika kwa Lebna Dengel, mfalme halisi mwenye nchi halisi, nao wakamwita kwa jina la yule wa kubuni. Anayejivunia Kasisi Yohane kama fahari ya Afrika amevaa joho lililoshonwa na waongo wa Ulaya.

Ramani inawapotezea watu wenyewe. Gahmuret wa Anjou anamwokoa Belacane mji wake ukiwa umezingirwa, anamwoa, anamwachia mimba, kisha anatoroka usiku kwa meli. Barua aliyoiacha inasingizia dini. Belacane alikuwa radhi kubatizwa, lakini hakuulizwa. Kilichomwondoa mume ni uchu wa vita. Baadaye anamwoa Herzeloyde, anayemzaa Parzival.

Wana hao, Feirefiz na Parzival, wanakutana wakiwa watu wazima, wanapigana bila kujuana, na upanga wa Parzival unavunjika. Feirefiz angeweza kummaliza. Badala yake anasimamisha pigano, anajitaja jina wa kwanza, kisha anautupa upanga wake ili wasizidiane. Ndipo wanapojua kuwa baba yao ni mmoja. Wakakwa wa Kuluba, wenye jamaa Sudan Kusini na Congo, hawahitaji mhadhiri wa kuwafafanulia hatari ya kumnyooshea silaha mtu kabla hujamjua ni wa nani. Parzival anaporuhusiwa kwenda Munsalvaesche, ngome ya Grail, na mwenzake mmoja tu, anamchagua Feirefiz.

Huko mjomba wake Anfortas anaoza kwa jeraha la mkuki wenye sumu. Waganga wamejaribu maji ya mito ya peponi, damu ya mwari, moyo wa mnyama mwenye pembe moja, yote bure. Safari ya kwanza Parzival alinyamaza, maana mwalimu wake Gurnemanz alimfunza asiulizeulize. Sasa anamuuliza mjomba anasumbuliwa na nini, na mjomba anapona. Kitabu kizima kimejengwa juu ya kumuuliza mtu habari zake, nanyi mnauliza mpaka wa nchi!

Basi, kwa haraka. Soma tafsiri ya Kiingereza ya A. T. Hatto au ya Cyril Edwards. Usiruke sehemu mbili za kwanza. Ukibanwa na muda, soma ya 1, ya 15 na ya 16. Dawa za Anfortas zimo katika ya 9. Grail hapa ni jiwe, usitafute kikombe. Usianze na opera ya Wagner ya 1882: Feirefiz na mama yake hawamo. Unataka Nubia halisi? Soma habari za Makuria, ufalme wa Kikristo uliokuwa hai wakati wa Wolfram. Unataka shujaa mweusi Ujerumani? Tazama sanamu ya Mtakatifu Mauritius katika kanisa kuu la Magdeburg, ya karne hiyo hiyo ya 13. Na walimu, swali la mtihani ni hili: andika jibu la Belacane kwa barua ya Gahmuret.