Fahamu: Mafunzo ya walimu wa historia na jiografia, na funzo lililopo Ujiji

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024 kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo toleo la 2023, uliingiza somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na kwa sababu hiyo walimu waliokwisha kuajiriwa wanahitaji kunolewa upya, hasa kupitia MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, utaratibu ambao walimu hujifunza wao kwa wao shuleni na katika vituo vya walimu.

Mkoani Kigoma, mafunzo hayo hayatatosha yakiishia kwenye kitabu cha kiada. Mnara wa Ujiji, unaokumbusha mkutano wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871, leo uko mbali na maji, ilhali enzi za misafara ya pembe za ndovu na watumwa ziwa lilifika karibu zaidi. Lilipungua baada ya mto Lukuga, njia pekee ya maji ya Ziwa Tanganyika kutoka kuelekea Kongo, kuzibuka mwishoni mwa miaka ya 1870. Hapo historia na jiografia haziachani, na mwalimu asiyelifahamu hilo husimulia wageni wawili tu, akiwasahau Wajiji, Wamanyema na wafanyabiashara wa pwani walioukuza mji huo kabla reli ya mwaka 1914 haijaishia Kigoma na kuipa bandari yake nguvu.

Waandaaji wa mafunzo wawatembeze walimu ufukweni, wasiwafungie ukumbini.