Gunia au rundo: kufunga bei ya makaa kabla ya mvua

Mwezi wa nane makaa yanayofika mjini Baraka huwa makavu. Magari na pikipiki hushuka kutoka milima ya Fizi bila kuzama kwenye tope, na bei hutulia. Huo ndio wakati ambapo mama wa nyumba ana uamuzi mzito, ingawa wengi huupita bila kuukalia chini na kuuhesabu: anunue magunia mazima sasa, au aendelee na rundo la leo kwa bei ya leo?

Ndugu zetu waliotoka Fizi, wakapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na leo wanaishi Marekani au Ulaya, wanaulizwa swali la ukoo huohuo kwa barua. Mkataba wa gesi ya nyumbani ukiisha, kampuni inawaambia wachague: bei iliyofungwa kwa mwaka mzima, au bei inayofuata soko. Sisi hatuna bomba la gesi wala mita ukutani. Moto wa bugali, sombe na maharage unatoka kwenye mbabula na kwenye mafiga. Lakini kanuni ya kuchagua ni moja, na nimeona familia nyingi zikiumia kwa kuamini kwamba kazi yao ni kubashiri kama bei itapanda. Hakuna anayejua. Swali la kufaa ni hili: bei ikipanda, mzigo utamwangukia nani, na wewe unamlipa kiasi gani yule anayekubali kuubeba?

Tuanze na hesabu ya kila siku. Tuseme gunia linauzwa faranga 40,000, na muuzaji wa barabarani akilifungua anapata marundo 108 ya faranga 500. Jumla ni 54,000. Zile 14,000 za juu ni malipo ya kazi yake: amekaa juani, amebeba hasara ya chenga na vumbi la chini ya gunia, amekuuzia kidogo kidogo kwa sababu huna pesa ya mara moja. Nyumba inayotumia marundo matatu kwa siku inalipa 1,500 kila siku, na gunia hilo lingeitosha siku 36. Kwa hiyo gunia linaokoa 14,000. Hata ukikopa zile 40,000 kwenye AVEC yenu, kile kikundi cha kuweka na kukopa, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ukaondoa 4,000, bado unabaki na 10,000. Hapo wengi hufunga daftari.

Wasifunge bado. Gunia likikaa ndani limejaa, mkono unakuwa mwepesi. Moto unaachwa uwake baada ya chakula kuiva, maji ya kuoga yanachemshwa mara mbili, jirani anaomba kidogo na ni aibu kumnyima wakati gunia analiona. Nyumba ile ile ikipanda kutoka marundo matatu hadi manne kwa siku, gunia linaisha siku ya 27, na kila siku imegharimu faranga 1,481. Faida yote imeyeyuka, zimebaki faranga 19 kwa siku. Kama pesa ilikuwa ya mkopo, kila siku imegharimu zaidi ya 1,600, yaani umelipa zaidi kuliko mnunuzi wa rundo. Ndiyo maana nawashauri wanaonunua gunia walipime siku hiyohiyo: chukua ndoo moja, hesabu gunia lina ndoo ngapi, amua ndoo moja itakula siku ngapi, kisha funga mdomo wa gunia. Bei umeifunga kwa fedha, na kipimo nacho lazima ukifunge kwa mkono wako.

Sasa mvua. Kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi hadi wa tano, mchoma makaa ana kuni mbichi na tanuri la udongo linalovuja maji. Kuni mbichi zinakula moto wao wenyewe ili kukauka, kwa hiyo tanuri moja linatoa magunia machache. Halafu kuna barabara. Njia ya taifa namba 5, inayotoka Uvira kupita Baraka na Fizi kuelekea Kalemie, inakatwa na mito inayoshuka milimani, na kila siku gari linapolala njiani, mtu analipa. Ziwa nalo limetufundisha: miaka ya karibuni Tanganyika imepanda ikaingia kwenye nyumba za Baraka, Uvira na Kalemie, na gunia lililowekwa chini sakafuni likawa tope. Na vita havingoji msimu. Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi mwezi wa pili 2025, safari na biashara za mkoa mzima zilitikisika. Bei ya rundo inabeba yote hayo, asubuhi kwa asubuhi. Hiyo ndiyo maana ya bei inayofuata soko: kila mto ukijaa, unakufikia wewe.

Kwa nyumba yenye mapato yasiyo na uhakika, mshahara wa mwalimu unaochelewa au mauzo ya ndagala na mikebuka yanayotegemea ziwa, kupanda kwa ghafla kunaumiza zaidi kuliko vile kushuka kunavyofurahisha. Wiki ambayo makaa yamepanda ndiyo wiki ambayo mtoto anakula mara moja. Kwa hiyo familia hiyo ina sababu ya kulipa kidogo zaidi ya wastani ili ipate utulivu. Tajiri hana haja hiyo. Yeye akipigwa na bei mwezi huu, anangoja mwezi ujao. Na ajabu ya kusikitisha ni kwamba anayeuhitaji utulivu ndiye asiyeweza kuununua, kwa kuwa utulivu unadai pesa taslimu mbele.

Kuna wanaojaribu njia ya tatu: kumpa mchoma makaa malipo ya mbele. Mnakubaliana magunia manne kwa 35,000 kila moja, unalipa 140,000 kabla ya mvua, yeye analeta moja moja. Kama sokoni gunia litafika 45,000, umeokoa 40,000. Inavutia sana. Lakini jiulize mwenzako atafanya nini bei ikifika hapo. Kuna mteja mwingine barabarani mwenye 45,000 mkononi, na wewe umeshalipa. Gunia moja tu likikosekana, umelipa 140,000 kwa matatu, na kila moja limekugharimu karibu 46,700, zaidi ya bei ya sokoni uliyokuwa unaikimbia. Si lazima awe mwizi. Huenda tanuri limeungua lote likawa majivu, huenda amekimbia kijiji chake usiku. Bei iliyofungwa ina nguvu sawa na yule aliyeifunga.

Waingereza waliliona hilo kwa uchungu. Kule serikali iliweka kikomo cha bei kuanzia 1 Januari 2019, kupitia mamlaka ya nishati iitwayo Ofgem. Kikomo hicho kinashika bei ya kila kipimo cha umeme na gesi. Anayetumia sana bado analipa sana. Mwaka 2021 gesi ilipopanda duniani, makampuni mengi madogo yaliyokuwa yamewaahidi watu bei iliyofungwa yalianguka, kwa sababu yenyewe hayakuwa yamenunua gesi ya kutosha mapema. Bulb, yenye wateja zaidi ya milioni moja na nusu, iliwekwa chini ya usimamizi maalumu mwezi wa kumi na moja mwaka huo. Wateja wa makampuni yaliyokufa walihamishiwa kwingine, na mikataba yao ya bei rahisi ikafa pamoja na waliowapa. Kikomo kwa nyumba ya kawaida kilikuwa pauni 1,277 kwa mwaka. Kilifika 1,971 Aprili 2022, na Oktoba kikapanda hadi 3,549, ila serikali iliingilia na kuzuia malipo ya nyumba ya kawaida kwenye 2,500. Waliofunga bei mapema na kampuni imara walilala usingizi. Waliofunga kwa hofu, wakati soko liko kileleni, walijifunga kwenye bei ambayo baadaye ilishuka huku wao wakidaiwa faini ya kutoka.

Kwa hiyo ukimlipa mchoma makaa mbele, mpe nusu, nusu nyingine gunia likishuka mlangoni. Wagawe: magunia mawili kwa huyu, mawili kwa yule wa bonde jingine. Na msiandike idadi ya magunia bila kusema gunia la ukubwa gani, kwa sababu bei ikipanda gunia hupungua tumbo.

Fedha gani? Hili linasahaulika. Faranga ya Kongo ilikuwa kama 930 kwa dola mwanzoni mwa 2016, na mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1,600. Mwishoni mwa 2025 ikageuka upande wa pili: dola iliyokuwa zaidi ya 2,800 ikashuka chini ya 2,500 ndani ya muda mfupi, na waliokuwa wameweka akiba ya dola wakaona mfuko umepungua bila kununua kitu. Ukifunga bei ya makaa kwa dola huku unauza samaki kwa faranga, hujafunga bei, umebadilisha tu jina la hatari. Funga kwa fedha ileile inayoingia nyumbani kwako. Anayetumiwa dola na mtoto wake aliye Marekani anaweza kuahidi dola. Muuza samaki aahidi faranga.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu mtungi wa gesi. Ni moto mzuri, hauna moshi, na macho ya akina mama yanapumzika. Kilo moja ya gesi kwenye jiko lake inapika takribani sawa na kilo tatu na nusu za makaa kwenye mbabula ya kawaida, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unashindana na kilo kama 20 za makaa. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya siku kabla ya kununua. Lakini usidhani umepata bei iliyotulia. Waagizaji wa gesi Afrika Mashariki hufuata bei ambayo Saudi Aramco hutangaza kila mwezi: propani ilikuwa dola 230 kwa tani Aprili 2020, na dola 940 Aprili 2022. Kodi nayo huyumba. Kenya ilirudisha kodi ya asilimia 16 mwaka 2021, ikaipunguza hadi 8 mwaka 2022, ikaiondoa 2023. Kwa mtungi, kila kujaza ni bei mpya, na kama umetoka ng'ambo ya ziwa, utarudi ng'ambo kujazwa. Kwa nyumba ya Baraka ninaupendekeza kwa chai ya asubuhi na uji wa mtoto, maharage yabaki kwenye makaa. Na uupime kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, toa huo, kinachobaki ndicho ulicholipia.

Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na sufuria yenye kifuniko hupunguza marundo bila kujali umefunga bei au hukufunga. Hiyo ndiyo kinga pekee isiyodai mtaji.

Kwa nyumba nyingi ninazozifahamu, jibu langu ni hili: magunia mawili au matatu yaliyonunuliwa mwezi wa nane, yaliyowekwa juu ya mbao mbali na ukuta, baada ya kukaa nje siku nzima kuhakikisha hakuna kaa lililobaki na moto ndani, na makaa mengine ununue kwa rundo, ili bei ikishuka nawe ushuke nayo. Tatizo ni pesa ya mwezi wa nane. AVEC nyingi huvunja sanduku karibu na Noeli, pesa ikaishia kwenye nguo na mchele, huku gunia liko kwenye bei ya mvua. Kikundi cha akina mama ishirini kikiamua kugawana mwishoni mwa mwezi wa saba, kinaweza kukodi gari moja, kushusha magunia 50 kwa bei ya jumla, na kugawana nauli. Mwaka wa kwanza wa kuhamisha tarehe utakuwa mzunguko mfupi wa miezi saba badala ya kumi na miwili, hivyo hisa zitakuwa ndogo; kila mama aanze na gunia moja.