Kionga: Ardhi Iliyogawiwa Bila ya Wenyewe

Kusini ya mlango wa Mto Ruvuma iko ardhi ndogo iitwayo Kionga. Ramani nyingi huipita bila ya kuitaja, lakini sisi watu wa visiwani hatuna budi kuikumbuka, kwani historia yake ni sehemu ya historia yetu.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba pwani ya Sultani wa Zanzibar inaanzia Mto Minengani, katika ghuba ya Tungi, hadi Kipini. Kabla ya mwaka kwisha, Ujerumani hiyo hiyo ikapatana na Ureno kwamba mpaka wao ni Ruvuma. Mwanzoni mwa 1887 Wareno wakaiteka Tungi kwa mizinga. Mwaka 1894 Wajerumani nao wakaikalia Kionga.

Machi 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, Ujerumani ilitangaza vita dhidi ya Ureno. Mwezi uliofuata majeshi ya Ureno yakaingia Kionga. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliivua Ujerumani makoloni yake yote, na Septemba mwaka huo mataifa yaliyoshinda yakatamka kuwa Ureno ndiyo mwenyewe halali wa Kionga tangu asili. Tangu asili! Mzee wa Kionga, aliyepata kumwona Sultani, Mjerumani na Mreno wakipokezana bila ya yeye kuhama nyumba yake, hakuitwa Paris kutoa ushahidi. Mkataba ulioitwa wa amani uliwahesabu watu pamoja na ardhi, kama mali ya kugawana.

Msumbiji ilipojikomboa mwaka 1975 ilirithi mpaka huo. Viongozi wa Afrika walikwisha kuazimia mjini Cairo, mwaka 1964, kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Na mwaka 1988 Tanzania na Msumbiji zilitiliana saini mapatano ya mpaka wao wa baharini. Hatuupingi uamuzi huo. Mwenye kuchokoza mipaka huchokoza vita.

Lakini kuuheshimu mpaka si kuwasahau waliotenganishwa nao. Kwa hiyo tunawaambia wakuu wetu wa Serikali: yanapozungumzwa mambo ya mpaka, ya bahari au ya uvuvi, waiteni kwanza wavuvi na wazee wa mahali hapo, muwasikilize. Kugawa bila ya kuuliza kulikuwa desturi ya mabeberu. Kusiwe desturi yetu.